Tunamshukuru Mungu ni namba ngapi?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Sogea hapo kivulini."

Ilikuwa mwezi wa kumi, kijiji kimoja wilayani Kongwa, ardhi imekauka hadi inapasuka, nami nilikuwa na siku ya tatu tu katika kazi ya udadisi. Kishikwambi mkononi, kitambulisho shingoni, mafunzo ya siku nne kichwani. Nilikwisha kumuuliza bibi jina la mkuu wa kaya, watu waliolala pale usiku wa kuamkia siku ile, nyumba imeezekwa kwa nini, sakafu ni ya nini. Tukafika swali la maji. Nikamsomea kama lilivyoandikwa: kwa ujumla, umeridhika kwa kiwango gani na huduma ya maji hapa kijijini? Moja, sijaridhika kabisa. Mbili, sijaridhika. Tatu, wastani. Nne, nimeridhika. Tano, nimeridhika sana.

Bibi akayageukia madumu ya njano yaliyoegemezwa ukutani, moja limezibwa kwa gunzi la hindi badala ya kifuniko. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Tunamshukuru Mungu," akasema.

Nikamsomea tena, polepole, nikidhani hajanisikia. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo mjukuu wangu. Tunamshukuru Mungu."

Kishikwambi hakikuniruhusu kwenda swali linalofuata bila namba. Nikabonyeza 4.

Miezi kadhaa baadaye niliiona ripoti. Ilikuwa na jedwali la rangi ya kijani, na kwenye mstari wa maji palikuwa na wastani wa 3.8. Chini yake sentensi moja ilisema kwamba wananchi kwa ujumla wanaridhika na huduma. Niliitazama sentensi hiyo muda mrefu. Ile 4 niliyoibonyeza kivulini ilikuwa humo ndani, imejumlishwa na nyingine mamia, imegawanywa, imepewa nukta yake.

Siku hizi kazi yangu ni kusafisha takwimu za watu wengine. Nyingi ni za wanafunzi wa uzamili wanaokimbizana na tarehe ya kuwasilisha tasnifu, nyingine za miradi midogo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nitumie jaribio gani la takwimu? Nami huuliza kwanza: hiyo namba uliipataje? Wengi hudhani ninakwepa. Sikwepi. Jibu la swali lao limo ndani ya swali langu, na leo nataka nilieleze kwa urefu.

Tuanze na neno lenyewe. Kigeu ni kitu chochote kinachoweza kutofautiana kati ya mtu na mtu, kaya na kaya, mwaka na mwaka: umri, dini, kipato, idadi ya mbuzi, imani ya watu kwa mwenyekiti wa kijiji. Vitabu vingine husema kibadilika, vingine kigezo. Mimi nimezoea kigeu kwa sababu ndani yake unasikia kugeuka. Kisichogeuka si kigeu. Ukifanya utafiti kwenye shule ya wasichana pekee, jinsi ya mwanafunzi imekoma kuwa kigeu hata kama safu yake ipo kwenye faili.

Kuna kigeu huru na kigeu tegemezi, na wanafunzi hukariri mgawanyo huo kana kwamba umeandikwa usoni mwa kitu. Umo kwenye swali. Elimu ya mama ni kigeu huru ukiuliza kama inaathiri uzito wa mtoto. Ni kigeu tegemezi ukiuliza kama umbali wa shule uliathiri elimu ya mama. Hilo naliacha hapo, kwa sababu mtu akilikosea msimamizi wake atamshika mapema. Kosa la ngazi ya upimaji, yaani kutojua namba yako inaruhusu hesabu gani, halishikiki kirahisi hivyo. Programu haipigi kelele. Unaipa namba, inakupa wastani, na wastani unapendeza machoni.

Mgawanyo wa ngazi nne tunaofundishwa una mwaka wake wa kuzaliwa, nao ni 1946. Stanley Smith Stevens, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliuandika katika jarida la Science. Alikuwa anaingilia ugomvi. Mwaka 1932 chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza kiliunda kamati ya wanafizikia na wanasaikolojia kuamua kama hisia za binadamu zinapimika: mtu akisema sauti hii naisikia kubwa mara mbili ya ile, je, amepima kitu? Walibishana hadi ripoti ya mwisho ya 1940, na hawakukubaliana. Stevens, ambaye mwenyewe alikuwa akichunguza jinsi sauti inavyosikika, alipendekeza tuache kubishania neno kupima. Tuulize namba zimegawiwa kwa kanuni gani, kisha tuulize kanuni hiyo inaturuhusu kufanya nini na namba hizo. Ndipo zikatoka ngazi nne: ya majina, ya mpangilio, ya nafasi sawa, na ya uwiano.

Kwenye ngazi ya majina namba ni jina tu. Mwanamume 1, mwanamke 2. Ungeweza kuandika 7 na 40 na hakuna ambacho kingeharibika. Mchezaji wa jezi namba 20 hana ubora mara mbili wa yule wa namba 10. Unachoweza kufanya ni kuhesabu wangapi wako kila kundi, kuonyesha asilimia, na kutaja kundi lenye wengi. Vitabu hupita hapa haraka kwa sababu hesabu zake ni nyepesi. Mimi naiogopa ngazi hii kuliko zote, maana ndipo mtafiti anapoamua nani yupo na nani hayupo.

Chukua hali ya ndoa. Katika mradi mmoja niliosafisha takwimu zake, dodoso lilikuwa na majibu manne: hajaoa au kuolewa, ameoa au ameolewa, mtalaka, mjane. Nikakuta kaya nyingi ambazo mwanamke amejibu ameolewa na mwanamume wa nyumba hiyohiyo amejibu hajaoa. Mwanafunzi aliyeleta faili alitaka kuzifuta, akiamini wadadisi walikosea. Nilimsihi asifute. Mahari haikuwa imekamilika. Mwanamke anaishi kwa mwanamume huyo, anapika, analea, ameolewa. Mwanamume akikumbuka ng'ombe aliobakiza, hajaoa. Wote wawili walisema kweli, na dodoso ndilo lililokosa chumba cha tano, kile cha wanaoishi pamoja.

Au chukua kabila. Tanzania iliuliza kabila kwenye sensa ya 1967, na baada ya hapo swali hilo likaondolewa. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na hakuna anayeweza kukuambia kutoka humo Wagogo ni wangapi. Kenya inaendelea kuuliza. Sitaki kuamua hapa nani yuko sahihi, kwa sababu kila uamuzi una sababu zake za kisiasa zinazoeleweka. Ila nawakumbuka Wamakonde wa Kenya, watu ambao wazazi na mababu zao walivuka kutoka kusini kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya pwani. Walikaa miongo bila vitambulisho vya uraia. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai watambuliwe, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Mtu akiniambia msimbo kwenye orodha ni namba tu, humjibu kwamba kuna waliotembea mamia ya kilomita ili wawe na wa kwao.

Tupande ngazi ya pili. Kwa wasomaji wa Tanzania sihitaji mfano wa kigeni, tumelelewa ndani yake. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mtaani huulizwa: amepata ngapi? Jibu huja, one ya saba, two ya kumi na nane, four ya ishirini na sita, ziro. Kila herufi ina pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Unachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, unajumlisha. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na ziro ni 34 na 35.

Tazama mapengo hayo. Divisheni ya kwanza ina nafasi kumi na moja ndani yake, ya pili ina nne tu. Mwenye 17 na mwenye 18 wanatofautiana kwa pointi moja na wanaitwa kwa majina tofauti, mmoja anafanyiwa sherehe na mwingine anaambiwa pole. Mwenye 7 na mwenye 17 wanatofautiana kwa pointi kumi na wote ni one. Ukishuka hadi kwenye herufi hali ni hiyohiyo: A inaanzia alama 75, kwa hiyo wa 75 na wa 98 wote wanabeba pointi 1, na C inatoka 45 hadi 64, alama ishirini, wakati B ina kumi tu.

Hiyo ndiyo ngazi ya mpangilio. Unajua nani yuko mbele ya nani, lakini hujui kwa hatua ngapi. Halafu mtu anachukua divisheni za shule nzima, 1, 2, 3, 4, anajumlisha, anagawa, anasema shule yetu ina wastani wa 2.6 na ya jirani 2.9. Hiyo 0.3 ni umbali wa nini? Katikati ya mbili na tatu hakuna kitu kinachofanana na kilichomo katikati ya moja na mbili. Ukitaka kusema kweli, wapange wanafunzi wote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, mchukue aliyesimama katikati, utaje divisheni yake. Hiyo ndiyo mediani. Au toa asilimia ya kila divisheni. Mzazi anaelewa vyote viwili, na hujamdanganya.

Nirudi kwa bibi, kwa sababu swali lake liko kwenye ngazi hii.

Majibu matano ya kukubali na kukataa yana baba yake, Rensis Likert, Mmarekani aliyeyapendekeza mwaka 1932 kwa ajili ya kupima mitazamo. Wengi wanaolitumia jina lake hawajui alichofanya. Likert hakuuliza swali moja. Aliandaa sentensi nyingi kuhusu jambo lilelile, mtu akajibu zote, ndipo akajumlisha. Jumla ya sentensi kumi au ishirini zilizopimwa vizuri ina tabia nzuri zaidi kuliko jibu moja, na watafiti makini huichukulia kama iko kwenye ngazi ya juu zaidi. Sina ugomvi nao. Stevens mwenyewe, aliyekuwa mkali kwa wanaotafuta wastani kwenye ngazi ya mpangilio, alikiri kwamba mara nyingi kufanya hivyo kumeleta matunda. Ugomvi wangu ni na swali moja, linaloulizwa mara moja, kwenye jua, kisha likapewa nukta.

Na kwetu kuna jambo la ziada. Lugha yetu ina madaraja mengi ya ukali: kidogo, kiasi, sana, mno, kabisa. Sana na mno zimeachana kwa umbali gani? Muulize mtu wa Tanga na mtu wa Mwanza, kisha uje tuzungumze. Lakini kubwa kuliko hilo ni salamu. Mswahili akiulizwa habari, jibu la kwanza ni nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto hawajambo? Hawajambo. Hata kama yuko njiani kwenda hospitali atasema nzuri, kisha ataongeza: nzuri, ila mdogo wao amelazwa. Hadanganyi. Neno la kwanza ni heshima kwa aliyeuliza na shukrani kwa aliye juu. Habari yenyewe inakuja baada ya ila.

Sasa fikiria mgeni amefika na kitambulisho shingoni, amekaribishwa kivulini, anauliza: umeridhika kwa kiwango gani? Sikioni mwa bibi hiyo ni salamu. Naye akajibu salamu. Mimi nikachukua heshima yake nikaifanya kuwa kipimo cha bomba.

Siku hizi nikishauriwa dodoso, huomba kila swali la namna hiyo lifuatwe na swali lisilo na namba: ila? Hivyo tu. Mdadisi anasema, "Sawa mama, ila?" na anakaa kimya. Jaribu uone watu wanavyofunguka.

Ngazi ya tatu vitabu huieleza kwa kipimajoto, na mfano ni sahihi. Nyuzi 30 za Selsiasi si joto mara mbili ya nyuzi 15, kwa sababu sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu, haina maana ya kukosekana kwa joto. Zigeuze ziwe za Farenhaiti, 86 na 59, na ile mara mbili imepotea. Lakini sisi tuna mfano wa karibu zaidi, uko ukutani na mdomoni. Saa.

Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kisha tena linapozama. Kinachoonekana kwenye simu kama 8:00 sisi tunakiita saa mbili. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi kuna masaa mawili, na kwenye simu kati ya 8:00 na 10:00 ni masaa mawili yaleyale. Tofauti inabaki palepale hata sifuri ikihamishwa. Lakini nne ni mara mbili ya mbili, na kumi si mara mbili ya nane. Uwiano ulikuwa kivuli cha mahali tulipoamua kuanzia. Kila ninapofundisha ngazi ya nafasi sawa naanza na hilo, na sijawahi kuona darasa la Waswahili lisilolielewa papo hapo. Kujumlisha, kutoa, kutafuta wastani, ruhusa ipo. Kusema hiki ni mara mbili ya kile, ruhusa hakuna.

Na hapa ndipo nilipowahi kukaa siku mbili nzima na faili lisilonielea. Mradi uliuliza muda wa kufuata maji: ulitoka saa ngapi, ulirudi saa ngapi. Wadadisi waliandika walichoambiwa. Programu ikachukua muda wa kurudi, ikaondoa muda wa kutoka, na mstari baada ya mstari ukaonyesha hasi 8, hasi 7, hasi 9. Mtafiti alikuwa ameagiza mistari yote yenye hasi ifutwe, kwa kuwa hakuna safari yenye muda hasi. Niliifungua mmoja mmoja. Saa 11 hadi saa 3. Tatu ukitoa kumi na moja ni hasi nane. Lakini huyo alitoka saa kumi na moja alfajiri akarudi saa tatu asubuhi, masaa manne, na katikati ya safari yake jua lilichomoza na saa yetu ikaanza upya. Waliokuwa wanakaribia kufutwa walikuwa hasa wale wanaoamka kabla ya mapambazuko, yaani walio mbali zaidi na maji. Wangefutwa, wastani ungeshuka, na kijiji kingeonekana kina maji karibu.

Ngazi ya nne ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote, ya uwiano, yenye sifuri ya kweli: sifuri maana yake hakuna. Mbuzi sifuri ni kukosa mbuzi. Mwenye ekari nne ana ardhi mara mbili ya mwenye ekari mbili. Hapa kila hesabu inaruhusiwa, na watafiti wakifika hapa hupumua.

Mimi sipumui. Ulizia ekari ilipimwaje. Vijijini kwetu ekari ni hatua sabini kwa sabini. Hatua za nani? Ekari ya vitabu ina mita za mraba 4,047 hivi. Mtu mwenye hatua ya mita kamili akizunguka sabini kwa sabini amekupa mita za mraba 4,900, na mtu mfupi amekupa pungufu ya hapo. Ulizia gunia. Nenda soko la mahindi la Kibaigwa uangalie gunia lililoshonewa kofia juu, lumbesa, kisha uniambie kama "gunia kumi" za mkulima huyu na "gunia kumi" za yule ni kitu kimoja. Karatasini zote ni 10, na 10 ni mara mbili ya 5. Ghalani ni habari nyingine. Kipimo kinapanda ngazi ya uwiano pale tu kizio chake kinaposimama mahali pamoja, na kwa mkulima kizio mara nyingi kinamilikiwa na mnunuzi.

Umri nao. Ukichora umri wa watu wengi waliohojiwa utaona minara kwenye 30, 35, 40, 45, 50. Wanademografia wana kipimo chake, fahirisi ya Whipple, inayotazama umri wa miaka 23 hadi 62: ikiwa 100, watu hawavutwi na tarakimu fulani, ikiwa 500, kila mtu ametaja umri unaoishia na sifuri au tano. Ndiyo maana mdadisi mzuri huja na kalenda ya matukio. Mzee, wakati wa uhuru ulikuwa umezaliwa? Azimio la Arusha ulikuwa darasa la ngapi? Vita vya Kagera ulikuwa umeshaoa? Mzee aliyesema "kama sabini hivi" anakaa, anakumbuka alikuwa anachunga ndama za baba yake wakati bendera inapandishwa, na umri unakuja wenyewe, pamoja na kicheko.

Na watoto. "Mama, una watoto wangapi?" Inaonekana rahisi kuliko maswali yote. Wapo wanaowajumlisha watoto wa kaka, kwa sababu kwetu hao ni watoto. Zipo jamii ambazo kuwahesabu watoto kwa sauti ni kuwaitia mabaya. Na wapo waliozikwa. Tafiti kubwa za afya huuliza kwa vipande: wanaoishi nawe, wanaoishi kwingine, waliozaliwa hai na baadaye wakafariki. Nimewahi kumwuliza mama kipande hicho cha tatu, akainamisha kichwa akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, na nikajifunza kutotazama skrini wakati huo. Utafiti wa afya wa 2022 ulitoa kwa Tanzania wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke. Hakuna mwanamke mwenye watoto wanne na nukta nane, na bado namba hiyo ni halali kabisa, kwa sababu imejengwa juu ya idadi halisi, yenye sifuri halisi. Nukta peke yake haina kosa.

Kosa ninalokutana nalo zaidi hapa ni la 99. Wadadisi hufundishwa kuandika 99 mtu asipojua au asipojibu. Mwanafunzi mmoja aliniletea tasnifu iliyosema wanawake wa kata yake wana wastani wa watoto 7.3, na alikuwa ameandika kurasa tatu kueleza kwa nini uzazi wa mpango umeshindwa. Kaya zilikuwa 200. Sita kati yake zilikuwa na 99 kwenye safu ya watoto. Tulipoziondoa, wastani ukarudi 4.5. Zile sita zilikuwa jina, yaani "hakujibu", zikakaa safu moja na idadi zikavaa nguo ya idadi. Kurasa tatu zilifutwa usiku huohuo.

Mwaka 1953 mwanatakwimu wa Marekani, Frederic Lord, aliandika kisa cha kubuni kuhusu namba za jezi za wachezaji. Timu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza inalalamika kwamba imepewa namba ndogo mno, wanachekwa. Profesa, anayejua fika kwamba jezi hazina wastani, anapeleka lalamiko hilo kwa mwanatakwimu, na mwanatakwimu anakokotoa wastani bila wasiwasi, anapima, anagundua kwamba kweli namba ni ndogo kuliko ambavyo bahati ingetoa. Profesa anapinga, naye anajibiwa kwamba namba hazijui zilikotoka. Wengi hulisoma jibu hilo kama ruhusa: kokotoa tu, hesabu haina macho. Mimi nalisoma upande wa pili. Kweli namba hazijui zilikotoka. Basi lazima awepo mtu anayejua, na mtu huyo ni yule aliyekaa kivulini akabonyeza.

Zipo njia njema za kukaa kivulini. Malawi, mwaka 2006, watafiti waliotaka kujua watu wanaona uwezekano wa mambo mbalimbali ya maisha yao ni mkubwa kiasi gani, waliwapa maharage kumi na sahani: weka mengi kadiri unavyoona jambo hilo lina uwezekano. Mtu ambaye hajakaa darasani na asilimia aliweka matatu, akafikiri, akaondoa moja. Harage moja ni sawa na jingine, na sahani tupu ni sifuri anayoiona kwa macho. Kwa maji mimi siulizi tena kuridhika peke yake. Nauliza jana mmeteka madumu mangapi, dumu ni la lita ngapi, mlinunua au mlichota, mlitoka saa ngapi na jua lilikuwa limechomoza au bado. Huwa naomba nilione dumu.

Siku ile Kongwa sikuyajua hayo. Nilimaliza maswali, nikamshukuru bibi, nikakifunika kishikwambi na kukitia kwenye begi. Alinisindikiza hadi kwenye mti wa mbuyu, kama desturi. Pale akasimama, akanishika mkono.

"Ila mjukuu wangu," akasema, "hayo uliyoyaona ukutani ni mawili tu yenye maji. Nimeyafuata tangu saa kumi na moja, nimerudi saa tatu. Na leo wajukuu hawajaenda shule, wamenisaidia kubeba."

Fomu yake ilikuwa imeshafungwa na kutumwa. Niliyaandika hayo kwa kalamu kwenye daftari langu la pembeni, tarehe, namba ya kaya, madumu mawili, saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, watoto wawili. Daftari hilo bado ninalo.